Mustari wa Mwenye Nyumba

Kijana aliyeniuliza lile swali nilimufundisha mwenyewe, mwaka wa tatu wa shule ya msingi, wakati bado anaandika herufi ya s kinyume na kulia kila mara kalamu ikipotea. Sasa alikuwa na meza ya plastiki pale Birere, sokoni katikati ya Goma, parasoli juu ya kichwa, komputa yenye kioo kilichopasuka pembeni, na foleni ya watu wazima wanaomubembeleza. Walimuletea karatasi za biro ya kodi, ile ofisi ya serikali, yeye akawajazia, wakamulipa dola kumi wakaenda zao. Na mimi nilisimama kwenye ile foleni siku moja ya mwezi wa kwanza, katika nguo nyeusi za kilio.

Bwana yangu alikuwa amekufa miezi sita mbele ya siku hiyo, ugonjwa wa sukari. Aliniachia nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, yenye vyumba viwili vya mbele tulivyokuwa tunapangisha. Kimoja alikaa mama muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, wa soko la Kituku, kingine muuguzi mumoja mupole. Mutu anayepangisha anatakiwa kupeleka deklarasyo kila mwanzo wa mwaka. Anaandika nyumba iko wapi, ni ya nani, nani anakaa ndani na analipa ngapi, kisha anakatwa kodi yake. Miaka yote bwana yangu ndiye alifanya hiyo kazi. Mimi sikujua hata mulango wa ile biro unaangalia upande gani.

Hatukuzaa. Ninasema sasa hivi ili mutu asiendelee kunitafutia watoto humu ndani. Kwetu mwanamuke anaitwa kwa jina la mutoto wake wa kwanza, Mama fulani. Mimi kwa kukosa huyo fulani niliitwa Metresi, vile wanafunzi wanavyomwita mwalimu wa kike, na kartie nzima, mutaa wote, ikafuata, mupaka padri. Nilizoea. Kuna siku nilipenda hata.

Zamu yangu ilipofika, kijana akasimama, akafuta kiti kwa mukono wa shati yake, akaniambia niketi. Akachukua formilere, ile karatasi ya kujaza, akaanza kuuliza polepole. Kartie gani, nyumba ya mbao ao ya matofali, vyumba vingapi. Nilijibu vizuri. Kisha akafika kwenye mustari wa mwenye nyumba.

"Metresi, nyumba ni ya nani?"

"Ya bwana yangu. Wewe hauijui? Si ulikuwa unakuja kula kwetu?"

"Ninaijua sana. Lakini papa ametutoka. Sasa ni ya nani?"

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia, "Wewe mutoto, unataka nimuzike mara ya pili, tena nikulipe dola kumi?"

"Hapana, Metresi. Ni karatasi ndiyo inauliza. Mbele ya kuandika jina, kuna kitu tungezungumza wawili."

Sikutaka kuzungumza wawili. Nilimunyang'anya ile karatasi, nikaitia kwenye kibegi. Akanisemesha kwa nyuma, kwa heshima tu, maskini, "Kuuliza si ujinga, Metresi, ni wewe ulitufundisha." Watu wa foleni wakacheka. Hapo ndipo kilichokuwa kimebaki cha akili yangu kiliisha.

Majirani waliponiuliza kwa nini sikumulipa kijana anijazie, niliwaambia dola kumi ni nyingi kwa mujane. Uongo. Dola kumi nilikuwa nazo kwenye kitambaa, nilizitenga kwa kazi hiyo hiyo. Nilikuwa na kiburi, basi. Nilishika choki miaka thelathini, nimewafundisha kuandika nusu ya watu wa kartie ile, halafu nikaketi kwenye kiti cha plastiki nilipe mutoto wangu wa darasa aniandikie jina? Aka. Na tena niliogopa. Lile swali lake sikuwa na jibu lake, na mutu asiyekuwa na jibu anakasirika, nimeona hilo kwa wanafunzi maisha yangu yote.

Nikajaza mwenyewe, mezani, mulango wazi nipate mwanga. Kwenye mustari wa mwenye nyumba nikaandika jina la bwana yangu, majina yake yote matatu, bila neno marehemu. Niliona haya kumutoa. Watu bado walisema "kwa muzee" wakionyesha kwetu, kikundi cha sala bado kilitangazwa kwa jina lake, na mimi ndiye niwe wa kwanza kumufuta? Chini, mahali wanapouliza unasaini kama nani, nikaandika gerante, mutu anayetunza mali ya mwingine. Nililipenda lile neno, sikatai. Lilinifanya kama mutu aliyeachiwa funguo na mwenyewe atarudi jioni.

Mukubwa wa biro aliangalia karatasi yangu, akasema hajawahi kuona formilere safi hivyo. Nilirudi nyumbani ninatembea kama musichana. Nikatoa fotokopi, nikaiweka kwenye farde, jalada langu la karatasi, na mwaka uliofuata nikaandika vilevile, na mwaka wa tatu vilevile. Katikati ya hapo wakubwa wa muji walibadilika na biro zikabadilisha mihuri. Kodi yenyewe haikubadilika, na mimi nikaendelea kuandika lile neno langu.

Wakati nilipojaza karatasi ya kwanza, muzee, baba ya bwana yangu, alikuwa angali hai kule kijijini Rutshuru. Siku ya kuondoa kilio alisimama mbele ya ukoo wote akasema, "Nyumba ya Goma ni ya mukaza mwana wangu. Asiguswe." Alisema kwa kinywa. Hakuna aliyeandika, na mimi mwalimu nilikuwa nimeketi pale na kalamu kwenye kibegi. Mwaka uliofuata muzee akafa, na hatukuweza hata kwenda kumuzika kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara.

Kisha akaja mudogo wa bwana yangu. Alikimbia vita na muke na watoto saba, magodoro mawili na sufuria moja. Nilimupokea, ningefanya nini? Nililala na wasichana wake watatu kitanda kimoja. Alikuwa mulimaji mwenye shamba na ng'ombe, na Goma akawa mutu wa kuketi kwenye jiwe tangu asubuhi akiangalia mikono yake. Muuguzi alipohama nikamupa shemeji chumba chake bila kumulipisha. Siku moja akaniuliza kama tunalipa kodi ya nyumba. Nikamuletea farde yangu yote, nikiwa ninajisifu, ili aone jinsi shemeji yake alivyo mutu wa mpango. Alisoma polepole, kidole kwenye kila neno.

Baada ya miezi miwili niliitwa kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu. Shemeji alikuwa pale pamoja na wanaume wawili wa ukoo. Mezani kulikuwa na fotokopi zangu tatu. Shefu akauliza kwa upole kama ni mimi niliandika. Nikasema ni mimi. Akasoma jina la mwenye nyumba, mara tatu, mwaka kwa mwaka. Kisha akasoma gerante.

"Kumbe mama mwenyewe anakubali," akasema mumoja wa wale wanaume. "Miaka mitatu hakusema ni yake. Alisema anaitunza."

Nilianza kueleza. Nilisema muzee alitamka mbele ya watu. Wakaniuliza karatasi iko wapi. Nilisema nilimwandika bwana yangu kwa heshima. Shemeji hakuinua macho. Alisema tu, "Metresi, mimi sikufukuzi. Lakini gerante anabadilishwa. Na mimi niko na watoto." Tribinali, ile mahakama ambayo ningeweza kushitaki, ilikuwa imefunga mulango, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Shefu akapiga muhuri wake kwenye karatasi ya kumupa shemeji nyumba.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Birere, mvua ikininyeshea. Kijana alinipa kiti. Nilimuuliza jambo moja tu. Siku ile alitaka kuniambia nini?

Hakutaka kusema. Nilimulazimisha kwa ile sauti ya darasani.

"Ningekuambia tusijaze kwanza, Metresi. Ningekuambia uende Rutshuru kwa muzee, aweke kidole kwenye karatasi mbele ya mashahidi kwamba nyumba anakuachia. Barabara ilikuwa bado inapitika. Kisha tungeandika jina lako." Akaongeza, kama mutu anayeomba musamaha, "Wajane wote ninawauliza hivyo. Ndiyo kazi yenyewe. Kujaza, kila mutu anaweza."

Wanasema majuto ni mujukuu. Basi mimi ambaye sikuzaa, huyo ndiye mujukuu niliyepata, na ninalala naye.

Shemeji nimeshindwa kumuchukia vizuri. Ningekuwa na watoto saba na jiwe la kuketi, labda ningefanya vilevile. Ninajaribu asubuhi kumuchukia, ninafika mupaka saa nne, kisha mutoto wake wa mwisho ananiletea daftari nimuonyeshe hesabu. Nguvu zinaniishia. Tulipanga kwamba nihamie chumba cha nyuma, kile tulichowekea makaa zamani, na kwa kuwa naye anatafuta chakula cha watu tisa, ninamulipa kila mwezi. Ninafundisha watoto wa majirani nyumbani ili nipate hicho cha kumulipa. Nilikubali. Kukataa ningekatalia wapi? Miaka yangu sitini na tatu ningeibeba niende nayo kwa nani?

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu, shemeji alifanya jambo la busara ambalo mimi lilinishinda. Alikuwa hajui biro na hakuona haya kusema hajui, akamulipa kijana wa Birere aje nyumbani kumujazia deklarasyo. Niliwasikia kutoka chumbani, wameketi mezani kwangu. Kijana aliuliza nyumba ni ya nani, na shemeji akataja majina yake bila kusita. Waliandika muda murefu. Kisha nikasikia hatua za mutu anayezunguka nyumba. Kijana akasimama mulangoni kwangu na karatasi mukononi, hakuweza kuniangalia. Alisema formilere inataka majina kamili ya kila mupangaji, na kwamba ndani ya miaka yote hakuwahi kujua mimi ninaitwa nani.

Nikamutajia, na yeye akaandika.