Meza Namba Nne ya Daktari Sindano

Na mtu asiniambie tena kwamba mzee alikataa mwenyewe. Hilo neno nimelisikia sokoni, nimelisikia kwa kinyozi, na juzi kwenye kikao cha kituo mtu mzima na miwani yake anasema mbele ya watu eti wazee hawapendi mabadiliko. Nikamwambia anyamaze. Wakanitoa nje. Sawa, nilikosa adabu. Lakini nje nako kuna watu, na nyie ndio nawaeleza.

Huyo mzee ni baba yangu mkubwa. Mji mzima unamwita Daktari Sindano kwa sababu anatengeneza cherehani. Kuna mgeni mmoja mwenye homa watu walimwelekeza kwake kwa utani, akafika anatetemeka, mkono wa shati ameshaupandisha. Ba'mkubwa akamwambia kama ni mkanda umelegea amefika, kama ni homa zahanati iko kule. Halafu akaacha kazi, akampeleka mwenyewe.

Karakana yake ilikuwa ndani ya lile ghala la zamani la pamba, kona ya dirishani. Miaka thelathini na moja. Hafungui cherehani kabla hajaisikiliza. Anaweka sikio ubavuni mwa mashine, anazungusha gurudumu taratibu, macho amefumba. Kisha anamgeukia mwenye mashine: hii mnailaza kwenye vumbi, au hii imeshonewa turubai, msinifiche. Wanawake wanatazama chini, wanacheka.

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, mji ukanyauka. Vijana wakaondoka, maduka yakashusha milango, na ghala likabaki la Ba'mkubwa, fundi viatu na popo. Ndipo wakaja watu wa mradi. Wanataka ghala liwe kituo cha kazi na ubunifu, na meza za pamoja, na intaneti, kila mwenye ujuzi akae karibu na mwenzake mpaka mji uamke. Watu wakaguna. Tumeahidiwa mangapi? Aliyesimama ni Ba'mkubwa. Akasema mji wetu ni kama cherehani iliyokaa bila kushona, haijafa, mafuta tu yamekauka. Watu wakacheka, wakakubali. Siku ya tatu alishahamishia vitu vyake nyumbani ili ukarabati uanze, na kwenye mchoro wakaandika: meza namba nne, dirishani, fundi cherehani.

Kwa hiyo huyo asiyependa mabadiliko ndiye aliyewapa ghala. Shikeni hilo.

Ukarabati ulichukua miezi minane. Muda wote huo alitengenezea mashine uani, na mvua ikinyesha hafanyi kitu. Kituo kilipofunguliwa alipiga koti lake pasi, akabeba sanduku la vifaa, akaenda. Akakuta mlango wa kioo. Akapiga hodi. Ndani tulikuwa saba, kila mmoja na vispika masikioni. Ba'mkubwa hodi ni mara tatu, asipoitikiwa anaondoka. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyotulea sisi. Akapiga tatu, akarudi. Siku ya pili vilevile. Nyumbani akasema labda hawajafungua vizuri.

Siku ya tatu nilimwona. Mimi. Nilikuwa meza ya mbele nahojiwa kwenye kompyuta, kazi ya kujibu wateja kwa simu, kazi yangu ya kwanza duniani. Siwezi kuinuka, siwezi kusema. Nikamnyooshea kiganja, nikakisukuma mbele mara mbili tatu. Maana yangu, sukuma mlango, ingia. Mlango ule hauna kitasa, hauvutwi.

Nyosheni viganja vyenu sasa hivi mfanye hivyohivyo. Mnaona? Ndivyo tunavyofukuza kuku.

Nilipomaliza kuhojiwa hakuwepo. Nikadhani kasahau kitu, atarudi. Kazi nikapata, nikavimba kichwa, na wiki sita sikukanyaga kwake. Watu walipomuuliza mbona haonekani kituoni, aliwajibu kwamba macho hayaoni uzi tena, amezeeka. Hakunitaja. Na kituo kina sheria yake, meza isiyokaliwa siku arobaini anapewa mwingine. Namba nne wakaiwekea mashine ya kahawa.

Mshahara wa kwanza nikanunua sukari, nikaenda kwao natembea kama bwana harusi. Mama mkubwa hakunipa kiti. Akaipokea ile sukari, akaiweka chini kama kitu cha jirani.

"Ulimfukuza baba yako mbele ya wenzako," akasema, "leo umeleta sukari?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Akainua kiganja, akakisukuma vile nilivyokisukuma mimi, na hapo nikaelewa.

Nikaingia chumbani kwa Ba'mkubwa. Alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni. Nikamweleza yote, kompyuta, mahojiano, mlango usio na kitasa. Alinisikiliza amefumba macho, kama anavyosikiliza mashine. Nikasubiri aniambie wapi pabovu.

"Nimekusikia," akasema. "Si kosa lako. Lakini mwanangu, nilirudi na lile sanduku barabara nzima, kila mtu ananisalimia, na mimi naitikia salama."

Nikamwomba twende sote, hata saa hiyohiyo. Akasema bisibisi zake ameshampa fundi viatu. Hakuwa na hasira. Hasira ningejua pa kuishika.

Nikaenda kituoni kuwaeleza. Yule mwenye miwani akasema kumbukumbu zinaonyesha mhusika hakujitokeza, na akitaka kurudi ajaze fomu, aeleze wazo lake la ubunifu. Nikaichukua nikampelekea. Aliishika muda mrefu, karibu na dirisha, akiisoma kwa kidole. Kisha akanirudishia haina hata nukta.

"Mimi sina wazo," akasema. "Nina kazi."

Mama mkubwa ananiambia kila asubuhi mzee anaoga, anavaa, anafunga kamba za viatu. Anakaa. Jioni anavivua. Hatoki. Mikono imeanza kumtetemeka, na haikuwa hivyo mwaka jana, nyie mashahidi, mkono uliokuwa ukipitisha uzi kwenye sindano huku anaongea na watu bila hata kuutazama. Mimi nikitoka kazini napita dirishani kwake. Ananiuliza kazi inaendaje. Namwambia nzuri. Basi, tunaishia hapo.

Ijumaa kamati inakaa kuamua meza namba nne iwe ya kahawa moja kwa moja. Kwenye kikao sina ruhusa ya kuingia, na hata ningeingia ningetukana tu. Lakini najua cherehani zenu mbovu ziko chini ya vitanda. Najua mnazibeba mpaka mji mwingine kwa fundi anayezifungua bila kuzisikiliza, zinarudi zikiwa mbovu zaidi. Zitoeni. Ijumaa saa nne asubuhi zileteni kituoni, mziweke juu ya hiyo meza, na mashine ya kahawa mkaishushe chini kwa mikono yenu. Atakayewaambia mjaze fomu mwambieni asubiri. Na mmoja wenu, mtu mzima, si mimi, aende nyumbani kwa mzee amwambie ana mashine inaruka mshono na hajui dawa yake.

Sijui kama atakuja. Nyie njooni.