Bango la Kilonzo Juu ya Kaburi la Dada Yangu

"Na hapa," yule mama mwenye kofia ya hoteli akawaambia wageni, "ardhi iliwameza dada wawili waliokuwa wakigombania bwana mmoja."

Wageni wakacheka, wakapiga shimo picha. Kanini akanigeukia, uso umemkauka. "Anti, si ulisema mama alikufa akichota maji?"

Nilitaka kupiga mtu.

Wacha nianze mwanzo. Kanini ni mtoto wa marehemu dada yangu, Mwende. Nimemlea tangu akinyonya. Sasa anaolewa, na kabla ya harusi akaniomba nimwonyeshe mahali mama yake alifia. Mimi sikuwa nimerudi huko tangu nichimbuliwe mchangani, mbavu zimevunjika.

Asubuhi tuliondoka Matiliku na gari ya mchumba wake, Kanini akiendesha. Emali, halafu Kibwezi, tukakata kushoto. Zamani hiyo barabara ilikuwa vumbi mpaka kwa meno. Siku hizi ni lami, na lami ndiyo imeleta watalii wa kuja kupanda lile jiwe letu kubwa kama mlima.

Mutomo tulisimama kununua maji ya chupa. Hata hiyo ilinikasirisha. Unaenda kwenu, unabeba maji kama mgeni!

Mchana tukafika. Kwa shamba la mtama la mama yangu kumejengwa hoteli, na kando ya mto kuna bango: Shimo la Dada Wawili. Shimo gani? Hapo ni mahali malori ya kubeba mchanga yalikula ukingo wa mto. Kisima chetu kilikuwa chini yake, tumekichimba kwenye mchanga wa mto sisi wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi.

Kwetu, kisima kikizungushiwa matawi ya miiba, hakuna mtu anachimba mchanga karibu. Hata mlevi anajua. Kilonzo, mwenye malori na sasa mwenye hoteli, alijua pia. Akaambia watu wake wavute miiba kando, maana alitaka mchanga wa kujenga hoteli hiyo hiyo. Tulikuwa tumeinama tunachota, ukingo ukatuangukia. Mimi nilitolewa nikipumua. Mwende alitolewa ameshapoa.

Nikamuuliza yule mama, "Hiyo hadithi umeitoa wapi?"

"Mzee Kilonzo ndiye alitufundisha. Wageni wanaipenda sana."

"Na huyo bwana tuliyegombania anaitwa nani?"

Akacheka. "Hiyo hakutuambia. Ati ni nyinyi wale dada?"

"Niangalie vizuri. Mimi ardhi ilinitapika."

Ai mwaitu, mama yangu wee! Yule mwenye kofia akaivua pole pole.

Kilonzo tulimkuta kwa baraza ya hoteli na chai yake. "Karibu, Kalunde! Umenenepa," akasema, kama tuliachana jana kanisani. "Hayo ya zamani tulimwachia Mungu."

"Ulimwachia Mungu, halafu bango ukaandika wewe?"

"Hiyo ni biashara tu, dada yangu. Usikasirike."

Jioni tukarudi. Kanini aliendesha mpaka karibu na Kibwezi. Halafu akauliza, macho yakiwa barabarani, "Lakini kweli, Anti, hakukuwa na bwana?"

Mtoto niliyemlea mwenyewe! Ndiyo nimejifunza hivi: uongo ukishaandikiwa bango, ukweli unaanza kuulizwa maswali.

Kwa hivyo Kilonzo, mimi sitaki pole yako. Kuja Matiliku kabla ya harusi, usimame mbele ya huyu msichana, umwambie kwa mdomo wako: nani alitoa ile miiba?