Maji ya Mwalimu Kwenye Mizani ya Pamba

Juzi nilipita kituo cha kununulia pamba nje ya Bariadi, nikakuta wakulima wamemzingira mnunuzi mgeni. Tangu biashara hii ifunguliwe kwa watu binafsi, kila mizani ni mtuhumiwa.

Mwalimu wa sayansi alikuwa amefika na darasa lake. "Lita moja ya maji ni kilo moja," akasema. "Tusibishane, tupime."

Wakaning'iniza dumu tupu: kilo moja. Wakalijaza lita ishirini, wakihesabu kwa sauti.

"Mizani ikiwa nzima, itasoma ngapi?"

"Ishirini na moja," wakajibu wanafunzi.

"Hii yake itasoma kumi na nane," wakasema wakulima, na mmoja akaanza kukunja mikono ya shati.

Mshale ukatulia kwenye ishirini na moja. Wakarudia, ukatulia palepale. Mnunuzi akapangusa jasho.

Nilitegemea vifijo, lakini wakulima waliinamisha vichwa, wakitazama magunia yao. Hatimaye mama mmoja akasema, "Mwalimu, sisi tulijua mizani itatuibia. Sasa haya maji tuliyonyunyizia pamba jana tuyafanyeje?"

Watu walicheka mpaka mnunuzi akaegemea lori lake.

"Ianike pamba, mayu," mwalimu akamwambia yule mama, kisha akaligeukia darasa. "Jaribio la pili. Gunia la mama likikauka, litapungua kilo ngapi?"

Nimekaa madarasani miaka mingi, sijaona somo likiingia upesi namna ile. Wanafunzi walikuwa bado wanakuna vichwa.

"Tatu," mama akajibu. "Nilitia lita tatu."