Sheikh Niliyemwita Mwizi

Tangu matapeli wakope kwa kitambulisho cha shemeji yangu, simu ya namba nisiyoijua huipokea kwa shaka. Juzi, asubuhi ya harusi ya binti yangu, nyumba yetu hapa Timbwani imejaa wageni, ikalia moja.

"Assalamu alaykum, Mzee Hamisi. Naomba jina lako kamili na namba ya kitambulisho, niandike cheti cha ndoa ya binti yako."

Wallahi, nikawaza, hawa sasa wamezidi! Hata harusi yangu wanaijua. Nikamwambia sheikh wetu namfahamu, na sauti yake si hiyo.

"Sheikh wenu anaumwa, ndugu yangu. Mimi nimeombwa nishike nafasi yake."

Hapo nikapata uhakika, maana kila tapeli huwa na mgonjwa wake. Nikaweka spika ili wageni wasikie.

"Mwizi we! Muogope Mungu!"

Nikakata, nikaifungia ile namba. Wageni wakanisifu, nami nikakaa kuwafunza namna ya kujikinga na matapeli.

Alasiri msikitini akaingia mzee mwenye ndevu nyeupe, na watu wote wakasimama kumpa mkono. Akaja kuketi mbele yangu, akafungua cheti. Pa kuandika jina la baba palikuwa patupu. Akatia mkono mfukoni, akatoa kitambulisho chake, akaniwekea mapajani.

"Nihakiki mimi kwanza, Mzee Hamisi," akasema, na wageni wangu wakaitambua sauti. "Ukiridhika, nipe na chako. Bwana harusi anangoja."