Safu Mbili za Pembeni

Mama alipofariki, nguo zake ziligawiwa siku ya kuanua matanga, kama ilivyo desturi yetu. Shangazi alizitandaza kwenye mkeka akawa anatuita mmoja mmoja. Wadogo zangu walichukua vitenge vizima. Mimi niliomba magauni yaliyochakaa ambayo hakuna aliyeyataka, likiwemo lile jekundu la vitone vyeupe alilokuwa akiendea kanisani mpaka likapauka mabegani. Wakanicheka, ati fundi cherehani mzima anaokota matambara. Niliwaacha wacheke.

Nilijua ninachotaka: kumshonea baba blanketi la viraka kutokana na nguo hizo, alale nalo kipindi cha baridi. Mzee alikuwa amegoma kulala kwenye kitanda chao kikubwa. Alihamia kitanda kidogo cha chumba cha wageni, kule nyuma ambako ukungu unaingia hata dirisha likifungwa, na kila nilipopanda mlima kumsalimia nilimkuta amejikunyata ndani ya koti. Iliniuma sana.

Ushonaji huo wa viraka nilijifunza kwenye simu. Unachora mraba kwenye karatasi, ndani yake unachora mistari na kuipa namba. Kipande cha kwanza kinakaa katikati, kisha vipande vyembamba vinakizunguka kimoja baada ya kingine, kama fundi anavyopandisha magogo ya ukuta wa nyumba. Kitambaa kinakaa chini, karatasi juu, na cherehani inapita kwenye mstari uliochora. Mraba ukikamilika unachana karatasi, na kitambaa kinabaki kimenyooka hata kama jana kilikuwa cha kudekia. Kile cha katikati huwa chekundu. Wanasema ndio moto wa nyumba. Kwangu hapakuwa na mjadala, moto ulikuwa lile gauni la mama.

Sikushona peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu, mjane wa rika langu, tuliyepanga naye kibanda kimoja karibu na soko la Lushoto, cherehani zetu zikitazamana. Nilimfundisha kila kitu. Msimu wote wa masika, mvua ikinyesha na wateja hawaonekani, yeye alikata na mimi nikashona. Pakiwa na mshono wa kufumua, alishika ncha moja akavuta, nami nikapitisha wembe. Huku mikono ikifanya kazi nilimsimulia habari za baba, na yeye alitaka kujua yote. Mzee anakunywa chai ya rangi au ya maziwa? Usingizi anaupata? Bado anakwenda shambani mwenyewe? Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu. Ndugu zangu hawakuwahi kuniuliza hata blanketi limefikia wapi.

Blanketi lilipokitosha kile kitanda kidogo, nikasema sasa tuweke bitana. Mwenzangu akalitandaza mezani, akalitazama kwa muda.

"Ongeza safu mbili, shoga," alisema. "La mzee lisibane. Akijigeuza lining'inie pembeni, baridi isimpate."

Nilimbishia, maana nguo zilikuwa zinaelekea kuisha. Alishikilia, hadi akajitolea kuchora karatasi yeye mwenyewe. Nikaona ana huruma kuliko mimi niliyezaliwa na yule mzee. Tukaongeza. Mwishoni nilitaka nibakiwe na kipande kidogo chekundu cha kwangu, hata cha kuchomekea sindano tu. Alipekua kapu la mabaki, akakung'uta mikono.

"Nyekundu imeisha."

Basi. Nilimpelekea baba blanketi lake. Alilipapasa, akatambua gauni moja moja, akalia mbele yangu. Niliteremka mlima naimba.

Wiki chache baadaye nilikuwa kanisani. Baba hakuja siku hiyo, alisema magoti yanamsumbua. Mzee wa kanisa akafika kwenye matangazo ya ndoa, akasoma jina la baba. Nilidhani amechanganya karatasi. Kisha akasoma jina la mwenzangu, akasema tangazo hili ni la kwanza, mwenye pingamizi amwone mchungaji. Benchi zima likanigeukia. Yeye alikuwa mbele kwenye kwaya, ameinamia kitabu cha nyimbo. Juzi yake tu tulikula mahindi ya kuchemsha kwenye sahani moja!

Nje nikamkamata kaka yangu.

"Tulijua," alisema. "Tuliogopa hasira zako."

Hasira zangu! Watu wazima na mvi zao wanaficha ndoa kama watoto wanavyoficha sukari mdomoni, halafu kosa ni hasira zangu.

Baba kuoa ningemeza, kwa tabu, lakini ningemeza. Kilichonichoma ni zile safu mbili. Mimi nilipima kitanda cha mtu mmoja. Yeye akapima cha watu wawili, akaniacha niketi niwashonee kwa nguo za mama yangu.

Mchana huohuo nilipanda kwa baba na wembe. Kitanda kikubwa kilikuwa kimetandikwa, blanketi limeenea ukingo hadi ukingo. Nililivuta, nikakaa sakafuni, nikakata bitana na kuanza kufumua zile safu mbili. Baba alisimama mlangoni akinisihi kwa Kishambaa, lugha anayoikimbilia akiona aibu. Mara mwenzangu akaingia, bado amevaa sare ya kwaya. Alipiga magoti, akashika ncha ya pili, akavuta ili mshono ukae wazi. Mikono yangu ilikuwa imeshamzoea, ikaendelea kukata. Nilimchukia siku ile kuliko ninavyoweza kuandika.

Niliondoka na safu zangu mbili kwapani. Kwenye harusi sikuenda, na cherehani yangu niliihamishia nyumbani. Zile safu ninazo hadi sasa. Ni nyembamba, ukijifunika mabega mgongo unabaki nje.

Julai baba alishikwa na kifua. Nilijizuia nikashindwa, nikaenda. Nilimkuta kwenye kitanda kikubwa, na blanketi limeenea tena ukingo hadi ukingo. Pale nilipotoa safu zangu palikuwa na safu mbili mpya. Vitambaa vilikuwa vya magauni ya mwenzangu, nayafahamu yote, mengine nilimshonea mimi. Mishono ilikutana sawasawa, kama nilivyomfundisha. Nikainama kutazama katikati ya kila mraba mpya.

Yeye alisimama upande wa pili wa kitanda, ameshika kikombe cha chai. Nilimwamkia baba, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokwaruza, kisha akamtazama mkewe. Huku kwetu mke wa baba anaamkiwa, hata kama ni rika lako, hata kama mlikula sahani moja. Wote wawili walikuwa wananisubiri.

Niligusa mraba mmoja kwa kidole. Lilikuwa gauni la mama la kanisani, na vitone vyake vyeupe.

"Kumbe nyekundu haikuisha," nilisema.

Akainamia kikombe. Shikamoo yake sijaitoa mpaka leo.