Watatuita

Baba alinunua na kuuza ng'ombe kwenye minada ya Hanang maisha yake yote. Alinifundisha kwamba bei ikikushinda, unageuka na kuondoka polepole, na mwenye mali atakuita.

Moyo wake ulipoanza kumsumbua, daktari alimwandikia rufaa ya Dar es Salaam. Hatukuwa na ndugu kule, kwa hiyo nikatafuta hoteli ya bei nafuu karibu na hospitali, kwenye tovuti moja ambako mteja anataja bei yake, hoteli inakubali au inakataa. Tulikaa nyuma ya zizi letu pale Balangdalalu, ndiko mtandao unakoshika, nikamsomea bei. Nikataja nusu yake. Wakakataa, ila wakapunguza kidogo.

"Funga simu, mwanangu," baba akasema. "Usiwaonyeshe shida. Watatuita."

Mimi ni mwalimu. Nilijua fika kwamba mgonjwa wa moyo hasubirishwi, na ile bei tungeiweza. Lakini baba alikuwa anacheka, na tangu augue sikuwa nimemwona akicheka. Nikafunga simu. Safari tukaisogeza mbele wiki moja. Mpaka leo sijajisamehe.

Siku ya tano alianguka palepale zizini, hakuamka tena.

Tuliporudi kutoka kumzika, viatu vikiwa bado na udongo, simu yangu ililia. Hoteli imekubali bei yetu, chumba cha watu wawili, ghorofa ya chini.

Niligeuka haraka nimwambie baba kwamba wametuita.