Keki Iliyotoka Jasho

Juzi dukani niliona keki imetoka jasho kwenye kabati la vioo, nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka kipaimara cha binti wa shangazi, kule mtaa wa Soweto, mjini. Mama alikuwa ameioka keki mapema, akaivika sukari aliyoikanda na kuisukuma kama chapati, akaipamba maua mekundu. Kisha aliifunga nailoni na kuilaza kwenye friza ya shangazi, maana kwetu Machame umeme ulikuwa haujafika. Shangazi huyo ndiye aliyewahi kuwaambia wageni kwamba mikono ya mama inanuka zizi. Keki za bure, lakini, alizipenda.

Mchana ule nyumba nzima ilinukia mbuzi wa kuchoma. Shangazi alipoitoa keki, mama alimwambia mbele ya watu wote, kwa upole kabisa, "Wifi, tafadhali usiifungue mpaka baridi iishe."

"Unanifundisha friza yangu mwenyewe?" Akaichana nailoni pale pale.

Kufika wakati wa kukata, keki ilikuwa inatiririka. Maua yalichuruzika hadi kwenye kitambaa cheupe, wageni wakainamisha nyuso. Mimi nilidhani keki inamlilia mama kwa jinsi alivyodharauliwa.

Siku hizi najua ni unyevu wa hewa tu, unatua juu ya kitu cha baridi. Ule upole ndio ulionisumbua. Nikampigia mama simu, nikamwuliza.

"Wifi yangu namjua," alisema. "Nisingemkataza, asingeifungua."